Kujenga Safari ya Ujumbe wa Mteja Inayojiendesha: Mwongozo Kamili

Safari ya ujumbe ni mpangilio ndani ya programu ya masoko unaomfuata mteja mmoja mmoja. Mteja anafanya jambo, mfumo unalinasa, unasubiri, unaangalia amefikia wapi, kisha unamtumia ujumbe unaomfaa au unamwacha. Programu ziko nyingi, kuanzia Mautic ambayo msimbo wake ni huria hadi Braze, Klaviyo, HubSpot na Customer.io. Majina ya vitufe yanatofautiana, lakini sehemu za ndani ni zilezile, na makosa pia ni yaleyale.

Kosa linalowaudhi wateja kuliko yote halimo kwenye maneno ya ujumbe. Watu hupanga mteja ataingiaje na atatumiwa nini, halafu wanasahau kupanga atatokaje. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kulipa anaendelea kukumbushwa alipe. Hapa tutaanza na kutoka. Mfano utakuwa mmoja mwanzo hadi mwisho: mteja wa duka la mtandaoni aliyeweka bidhaa kikapuni akaondoka bila kulipa.

## Hatua ya 1: Andika masharti kabla ya kufungua programu

Chukua karatasi ujibu maswali manne kwa sentensi kamili. Nani anastahili kuingia? Tukio gani linamwingiza? Mambo gani yanamtoa, popote alipo njiani? Akishatoka anaweza kurudi, na baada ya muda gani?

Swali la tatu ndilo linalohitaji muda. Kwa kikapu kilichoachwa, jibu la haraka ni "akilipa". Halitoshi. Mteja anapaswa kutoka pia akiondoa bidhaa zote kikapuni, bidhaa ikiisha ghalani, akijiondoa kwenye orodha, akifuta akaunti, au akiwa na lalamiko lililo wazi kwa watu wa huduma kwa wateja. Hilo la mwisho husahaulika sana. Hakuna ujumbe unaochukiza kama ukumbusho wa kununua unaomfikia mtu anayesubiri kurudishiwa pesa.

Kisha amua: je, ununuzi wowote unamtoa, au ununuzi wa kikapu hichohicho tu? Kwa maduka mengi, ununuzi wowote umtoe. Mtu aliyekuja akanunua kitu kingine amekwisha kuamua, na kumfuatia kile cha kwanza ni kumsumbua.

Kuhusu kurudi, weka kipindi cha kupumzika. Siku 14 ni pa kuanzia pazuri. Bila kipindi hicho, mteja anayependa kuvinjari tu atapata mfululizo uleule kila wiki.

## Hatua ya 2: Safisha matukio na data

Tofautisha vitu vitatu. Tukio ni jambo lililotokea kwa wakati fulani: `malipo_yamekamilika`. Sifa ni hali ya mteja kwa sasa: lugha yake, namba yake ya simu. Kundi ni orodha inayojikokotoa kutokana na hayo mawili. Safari inayohitaji kasi ianzishwe na tukio. Kundi katika mifumo mingi hukokotolewa upya kwa vipindi, na mteja anaweza kuchelewa kuingia bila wewe kujua kwa nini.

Kila tukio libebe angalau: kitambulisho cha mteja, kitambulisho cha tukio lenyewe, muda lilipotokea kwa saa za UTC (saa ya kimataifa isiyofuata ukanda wowote), na data itakayotumika kwenye ujumbe. Kwa mfano wetu hiyo ni `kikapu_id`, majina ya bidhaa, jumla ya pesa na kiungo cha kurudi kikapuni. Kitambulisho cha tukio si pambo. Mifumo inayotumiana matukio kupitia intaneti hujaribu tena isipopata jibu, kwa hiyo tukio moja linaweza kufika mara mbili. Bila kitambulisho cha kulichujia, mteja huingia mara mbili na kupata barua mbili zinazofanana.

Namba za simu ziandikwe kwa mfumo wa E.164: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba, jumla isizidi tarakimu 15, bila nafasi wala mabano. Anwani za barua pepe zigeuzwe kuwa herufi ndogo na kuondolewa nafasi za pembeni kabla ya kuhifadhiwa. La sivyo mtu mmoja atakuwa na wasifu mbili, mmoja umelipa na mwingine bado unadaiwa.

Sasa kuna mtego wa kikapu. Ukiifanya `bidhaa_imeongezwa` kuwa tukio la kuingilia, mteja anayeweka bidhaa tano ataigonga safari mara tano. Ukizuia kuingia mara ya pili, saa ya kusubiri itahesabiwa kuanzia bidhaa ya kwanza wakati yeye bado anachagua. Njia iliyo safi ni kuiachia seva ya duka kazi hiyo: ihesabu dakika 60 za ukimya tangu mteja alipogusa kikapu kwa mara ya mwisho, ndipo itume tukio moja tu, `kikapu_kimeachwa`. Hapo programu ya masoko inapokea jambo lililokwisha kuiva.

## Hatua ya 3: Ridhaa kwa kila njia

Ridhaa ya barua pepe si ridhaa ya SMS, na ya SMS si ya WhatsApp. Hifadhi kila moja kwa sifa yake, pamoja na tarehe na mahali ilipotolewa. Tenganisha pia ujumbe wa huduma, kama risiti au taarifa ya kusafirishwa kwa mzigo, na ujumbe wa masoko. Ukumbusho wa kikapu ni masoko, hata uandikwe kwa upole kiasi gani. Ukiupitisha kwenye mkondo wa huduma ili kuwafikia waliojiondoa, unaweka hatarini hata risiti zako.

WhatsApp ina kanuni yake: ndani ya saa 24 tangu mteja alipokuandikia mara ya mwisho unaweza kumjibu kwa maneno yoyote, lakini baada ya hapo unaruhusiwa kutumia violezo, yaani jumbe zilizoandikwa mapema, vilivyoidhinishwa na WhatsApp tu. Omba idhini ya kiolezo mapema, maana safari haiwezi kuwashwa bila hicho. Arifa za simu nazo zinahitaji ruhusa ya mtumiaji kwenye iOS, na kwenye Android kuanzia toleo la 13.

## Hatua ya 4: Andaa domeni ya kutumia barua pepe

Rekodi tatu lazima ziwepo kwenye DNS, yaani daftari la mtandaoni la domeni yako (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako). SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM inatia sahihi kila barua. DMARC inamweleza mpokeaji afanye nini hizo mbili zikishindwa. Angalia SPF kwa makini: ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS, na kampuni inayotumia huduma nyingi za kutuma barua hukivuka bila kujua. Ikishavuka, uhakiki wote wa SPF unahesabiwa kuwa na hitilafu.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai zaidi kutoka kwa watumaji wakubwa. Kwa Gmail, mtumaji mkubwa ni anayefikisha takriban barua 5,000 kwa siku kwenda akaunti binafsi. Anatakiwa kuwa na rekodi zote tatu, kujiondoa kwa bofyo moja kwenye barua za masoko, na kushughulikia maombi ya kujiondoa ndani ya siku mbili. Malalamiko ya spam (barua zisizotakiwa) yasifike asilimia 0.3, na lengo salama ni chini ya 0.1. Bofyo moja si kile kiungo kilicho chini ya barua. Ni vichwa vya barua, yaani mistari ya kiufundi ambayo msomaji haioni, vya `List-Unsubscribe` na `List-Unsubscribe-Post`, ambavyo programu huviongeza yenyewe ukishawasha mpangilio wake.

Domeni mpya ipashwe moto: anza na mamia ya barua kwa siku kwa wateja waliofungua au kubofya karibuni, uongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Tumia domeni ndogo (tawi la domeni yako) kwa masoko na nyingine kwa risiti, ili moja ikichafuka isiiburute nyenzake.

## Hatua ya 5: Chora mtiririko

Kwa kikapu kilichoachwa, mtiririko unaofanya kazi ni huu:

1. Kuingia: tukio `kikapu_kimeachwa`, ikiwa mteja hajaingia ndani ya siku 14 na ana ridhaa ya njia mojawapo.
2. Mgawanyo wa nasibu: asilimia 90 waendelee, 10 wabaki bila ujumbe ili kupima (tutarudi hapa).
3. Uhakiki: je, kikapu bado kina bidhaa, na hakuna malipo yaliyokamilika au yanayosubiri uthibitisho?
4. Barua ya kwanza: picha ya bidhaa, jina, bei, kiungo cha kurudi. Hakuna punguzo.
5. Subiri saa 24.
6. Uhakiki uleule.
7. Mgawanyo: aliyebofya barua ya kwanza apate barua inayojibu mashaka ya kawaida, yaani usafirishaji, kurudisha bidhaa na njia za malipo. Asiyebofya apate barua ile ya mwanzo kwa kichwa kingine.
8. Subiri siku 2, uhakiki tena.
9. SMS moja, kwa wenye ridhaa tu na ambao jumla ya kikapu inazidi kiwango ulichoweka.
10. Kutoka.

Uhakiki unajirudia mara tatu kwa makusudi. Programu nyingi zina sharti la jumla la kutoka, na lazima uliweke, lakini mifumo haikitazami kigezo hicho wakati mmoja. Mingine inakitazama muda wote, mingine mteja anapohama hatua tu. Sanduku la uhakiki lililowekwa mbele ya kila ujumbe linakulinda katika hali zote mbili.

Utazame uhakiki wa namba 3 katika mtiririko huu kwa karibu. Mteja anabonyeza kulipa dakika ya 58. Mtoa huduma wa malipo anarudisha uthibitisho dakika ya 63. Dakika ya 60 safari inauliza "amelipa?", inajibiwa "hapana", na barua inaondoka. Dakika tatu baadaye mteja ana risiti na ukumbusho kwa pamoja, na anaanza kujiuliza kama pesa yake imepotea. Kasi zaidi haitaponya hili. Dawa ni tukio la pili, `malipo_yameanzishwa`. Uhakiki ukilikuta bila jibu, mteja apelekwe kwenye tawi la kusubiri dakika 30, kisha aulizwe upya. Likirudi limeshindikana, mpe ujumbe wa aina nyingine unaosema malipo hayakupita. Huyo hakuacha kikapu, alikwama, na ndiye aliye karibu kuliko wote kununua.

Kuhusu punguzo: ukiliweka kwenye barua ya kwanza unawafundisha wateja kuacha vikapu. Likilazimika, libaki mwishoni, kwa msimbo wa kipekee unaotumika mara moja, na tarehe ya kuisha ihesabiwe tangu ujumbe unapotumwa. Ikihesabiwa tangu mteja alipoingia safarini, msimbo wa saa 48 utakuwa umekufa kabla SMS ya siku ya tatu haijaondoka.

## Hatua ya 6: Andika ujumbe

Data iliyopachikwa ndipo aibu inapotokea. Programu kadhaa hutumia lugha ya violezo ya Liquid, na salamu salama ndani yake ni hii:

`Habari {{ mteja.jina | strip | default: "mteja wetu" }},`

`default` inashika jina lisipokuwepo au likiwa tupu. Lakini jina lenye nafasi moja peke yake halihesabiki kuwa tupu, ndiyo maana `strip` inatangulia. Na usitegemee sharti la `if` kukagua kama jina lipo, kwani kwa Liquid maandishi matupu bado huhesabiwa kuwa kweli. Data ambayo bila yake ujumbe hauna maana, kama kiungo cha kikapu, isipewe mbadala. Ikikosekana, ujumbe usitumwe.

Barua yenye HTML (msimbo unaoipa sura) inayozidi takriban kilobaiti 102 hukatwa na Gmail, na kinachofichwa ni sehemu ya chini, palipo kiungo cha kujiondoa. Asiyekiona hubonyeza kitufe cha spam.

Kwenye SMS, hesabu herufi. Ujumbe mmoja wa herufi za kawaida ni herufi 160. Ukizidi hugawanywa vipande vya 153. Ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya seti ya kawaida, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo kinashuka hadi 70, au 67 kwa kipande. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa kipande kimoja unakuwa vipande vitatu, na unatozwa mara tatu. Emoji ndiyo mshukiwa wa kwanza, lakini kwa anayeandika Kiswahili yuko mwingine aliyejificha: king'ong'o. Ukinakili "ng'" kutoka programu ya kuandikia hati, ile alama mara nyingi huja imepinda, na iliyopinda haimo kwenye seti. Ibadilishe iwe iliyonyooka. Kumbuka pia kwamba jina na jina la bidhaa huongeza urefu, kwa hiyo pima kwa jina refu kabisa ulilonalo kwenye data.

## Hatua ya 7: Vikomo na saa za utulivu

Mteja mmoja anaweza kuwa ndani ya safari tatu kwa wakati mmoja, na kila moja inadhani iko peke yake. Weka kikomo cha jumla, kwa mfano jumbe 4 za masoko kwa wiki katika njia zote, kisha panga ipi inatangulia. Ujumbe wa huduma usihesabiwe. Halafu soma nyaraka za programu yako ujue ujumbe uliozuiwa na kikomo unapotea au unaahirishwa. Ukipotea, mteja anaruka moja kwa moja hadi barua ya pili inayoanza na "kama tulivyokueleza jana".

Saa za utulivu zifuate ukanda wa saa wa mteja, na uweke ukanda mbadala kwa wasiojulikana. Ukiruhusu kutuma kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 2 usiku, kwenye mfumo andika 09:00 hadi 20:00. Hapa napo pana hatari: ujumbe ulioshikiliwa usiku unaachiwa asubuhi, na mteja huenda alilipa saa 6 usiku. Sanduku la kusubiri saa nzuri likae kabla ya uhakiki, kamwe lisikae baada yake.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa wateja bandia

Tengeneza wasifu wa majaribio, kila mmoja akiwa na kasoro yake: asiye na jina, mwenye simu bila barua pepe, aliyejiondoa, mwenye wasifu mbili, aliye kwenye ukanda wa saa wa mbali, mwenye bidhaa moja, mwenye bidhaa ishirini. Fupisha subira zote ziwe dakika 2, mpitishe kila mmoja kwa matukio halisi, na usitegemee kitufe cha onyesho peke yake. Onyesho linapima sura ya ujumbe tu, halipimi mantiki. Mmoja alipe katikati ya subira, mwingine aondoe bidhaa, wa tatu alipe sekunde chache kabla ya kutuma. Kisha rudisha subira za kweli na umwombe mtu mwingine azisome moja moja. Safari iliyowashwa ikiwa na dakika 2 humaliza jumbe zote kabla hujapata chai.

## Hatua ya 9: Washa polepole

Kabla ya kubonyeza, angalia mpangilio mmoja: je, safari itawachukua watu waliokwisha kutimiza sharti zamani, au wapya tu? Inayoanzishwa na kundi, ikiachwa kwa mpangilio wa kuwachukua wote, inaweza kutuma kwa maelfu ndani ya saa moja. Chagua wapya tu. Anza na asilimia 5 hadi 10 kwa siku mbili, soma orodha ya waliotumiwa mmoja mmoja, kisha panua.

Kubadilisha safari inayoendelea kuna adabu yake. Maneno ya ujumbe unaweza kuyarekebisha. Ukifuta sanduku la subira lenye watu ndani yake, baadhi ya programu huwatoa na nyingine huwasukuma mbele papo hapo. Kwa mabadiliko ya mtiririko, nakili safari, funga mlango wa kuingilia wa ile ya zamani, wache waliomo wamalize, na wapya waingie toleo la pili.

## Hatua ya 10: Pima unachokiongeza

Kiwango cha kufungua barua si kipimo tena. Tangu iOS 15 ya mwaka 2021, programu ya barua ya Apple hupakua picha mapema kwa waliowasha ulinzi wa faragha, na barua huonekana imefunguliwa hata kama haijaguswa. Mabofyo nayo huongezwa na mashine za usalama zinazokagua viungo. Dalili yake ni viungo vyote vya barua kubofywa ndani ya sekunde chache baada ya kufika. Usijenge tawi la "amefungua, hajafungua".

Kipimo cha kweli ni ile asilimia 10 uliyoitenga. Linganisha sehemu ya walionunua ndani ya siku 7 katika makundi yote mawili. Tofauti ndiyo kazi ya safari, kwa sababu wengi wa walionunua baada ya barua wangenunua hata bila barua. Mteja aliyewekwa kundi la kulinganisha abaki humo akirudi tena, la sivyo makundi yanachanganyika. Na uwe na subira: kutambua ongezeko kutoka asilimia 5 hadi 6 kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu kunahitaji takriban watu 8,000 kila upande makundi yakiwa sawa. Kwa duka dogo, tenga nusu kwa nusu kwa miezi kadhaa, au ukubali kwamba unaweza kuona tofauti kubwa tu.

Weka pia tahadhari mbili zinazojituma: moja ikiwa hakuna aliyeingia safarini kwa saa 24, nyingine ikiwa walioingia wamezidi mara tatu ya wastani. Ya kwanza kwa kawaida ina maana kwamba mtu amebadilisha jina la tukio kwenye tovuti bila kuwaambia watu wa masoko. Ya pili mara nyingi ni matukio yanayojirudia, na hapo simamisha kwanza, tafuta chanzo baadaye.